Kidonge cha Mama Mkubwa

Mashine ya kusaga ilizimwa foleni ikiwa bado ndefu, nami nikajua kuna jambo. Kazi yangu ni kukaa mlangoni, kupokea nafaka, kuipima na kuandika jina la mwenye mzigo kwenye kipande cha karatasi. Msagaji wetu hazimi mashine mchana isipokuwa mkanda umekatika, na mkanda ulikuwa mzima, nilikuwa nimetoka kuutazama. Nilipogeuka nikamwona fundi baiskeli, jirani yetu, amesimama karibu na msagaji huku ameshika kofia mkononi. Nimemfahamu mtu yule tangu nikiwa mtoto, na sikuwahi kukiona kipara chake. Nilikitazama kile kipara, nikaiweka kalamu chini kabla hajafungua mdomo.

"Dada," akasema, "nyumbani wanakuita."

"Kuna nini?"

"Twende tu. Nimekuja na baiskeli."

"Sema kwanza."

Akatazama viatu vyake. Unga ulikuwa umeshaanza kumtua begani. "Mama ametutoka."

"Mama yupi?"

Watu wa foleni wakanitazama. Labda walidhani msiba umenivuruga akili. Lakini kwetu hilo lilikuwa swali la kweli, na nilikuwa nimeamka nalo na kulala nalo siku tatu nzima.

"Mama Mkubwa," akasema fundi baiskeli.

Nitaliandika hili kwa kuwa Mungu alishaliona. Kabla sijalia, moyo wangu ulishusha pumzi. Si yule aliyenizaa. Haikuchukua muda wa kupepesa jicho, halafu nikaogopa, nikajiogopa mwenyewe, nikakaa chini palepale penye mzani. Msagaji ndiye aliyeninyanyua.

Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza. Hakujaliwa kuzaa; mimba tatu zilimtoka, na baada ya ya tatu ni yeye mwenyewe aliyekwenda kumposea baba mama yangu. Mama aliponizaa aliumwa miezi mingi, kwa hiyo mgongo nilioujua kwanza ni wa Mama Mkubwa. Nilipojifunza kusema niliwaita wote wawili mama, na hakuna aliyenisahihisha. Hilo la mkubwa nilikuja kuliongeza baadaye ili wajue nani ameitwa.

Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali. Alifundishwa na baba yake, ambaye hakupata mtoto wa kiume na hakuona haja ya kumsubiri. Alikuwa anachimba udongo kando ya kijito, anaumwagia maji, anaukanyaga kwa miguu mpaka unalainika, kisha anafinyanga donge na kuliangusha chini. Likipasuka, anaongeza maji. Likilala kama limelewa, anaongeza udongo mkavu. Alitumia kalibu ya mbao yenye vyumba viwili, akaijaza udongo, akaikwangua juu kwa waya uliovutwa kati ya vijiti viwili, akaipindua, na matofali mawili yakabaki chini yakimetameta. Kwa siku alifyatua mia mbili akiwa na nguvu zake. Wenye haja walimwita Fundi, wanaume kwa wanawake. Kuta za madarasa niliyosomea ni zake. Tukipita karibu na nyumba ya mtu alikuwa na tabia ya kupiga ukuta kofi na kusema, "Huyu ni wangu," kama mtu anayeonyesha mjukuu. Nilisoma mpaka kidato cha nne kwa matofali yale.

Nilipokuwa na miaka tisa baba aliumwa tumbo. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akageuka mara moja kutuambia tusifungue banda la kuku. Siku ya nne alirudishwa nyuma ya gari la mizigo, amefunikwa shuka la hospitali lenye mhuri. Mama hakulia siku ile. Alilitazama lile shuka, akaapa mbele ya watu kwamba yeye hataingia tena mlango wa zahanati wala hospitali hadi kufa kwake. Watu wakasema ni uchungu, utapita. Haukupita. Alipokatwa na jembe mguuni alijifunga kitambaa na kukaa na homa wiki nzima, na nesi alipotumwa kuja akamkuta amejifungia ndani.

Wajane wakabaki wawili katika ua mmoja na jiko moja. Wageni waliokuja kwetu walidhani wanagombana.

"Bi Mdogo, hii ni chai au umesuuza sufuria?"

"Kunywa, Bi Mkubwa. Ukitaka nzito nenda kachemshe tope lako."

"Tope langu limekuezekea nyumba."

"Limejenga ukuta. Paa ni la marehemu, usijipe kila kitu."

Kisha wanacheka na kupokezana kikombe kilekile.

Mama Mkubwa kugundulika ana presha kulitokana na ajali ya moto. Tanuri la kuchomea matofali lilikuwa linawaka, akasogeza gogo, akaungua mkono. Nilimpeleka zahanati mwenyewe, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nesi akamsafisha kidonda, kisha akamfunga mkono wa pili kile kitambaa cha kubana, akakijaza upepo. Akatazama. Akapima tena. Akahamia mkono wenye kidonda akapima juu ya bandeji, halafu akasimama akafunga mlango. Ni ule mlango kufungwa ndio ulionitia hofu.

"Bibi, kichwa hakikuumi?"

"Kinauma. Nakaa juani na moto, kisiume kwa nini?"

"Hujawahi kuanguka?"

"Naanguka wapi, na mimi nafanya kazi nimeinama."

Nesi hakucheka. Akaandika kadi, akampa vidonge, akamwambia kimoja kila asubuhi, maisha yake yote.

"Maisha yote?" akauliza Mama Mkubwa. "Mwanangu, hata mume sikupewa wa maisha yote."

Kliniki ya presha ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Alikwenda, akapimwa, akapewa vidonge vya mwezi, akarudi. Kwa miezi mitano kichwa chake kilitulia na mimi nikaanza kulala vizuri.

Halafu mama yangu akaanguka kisimani. Hakuanguka ndani, namshukuru Mungu. Alikaa chini ghafla na ndoo ikabiringika. Alisema dunia imegeuka. Kwa siku kadhaa alikuwa anashika kisogo na kufumba jicho moja. Tulimbembeleza aende akapimwe. Alisema neno lilelile kila mara: "Nikiingia pale natoka nimebebwa."

Baada ya juma moja akawa mzima, anafagia, anaimba kaswida zake. Nilifurahi, sikuuliza. Ni asubuhi moja nilipokuwa natafuta kiberiti dirishani kwa Mama Mkubwa ndipo nilipokuta kizibo cha chupa, na ndani yake nusu ya kidonge, imekatwa sawasawa.

"Hiki kimeliwa na panya?" nikauliza.

"Panya mwenye waya," akasema. Alikuwa amekikata kwa ule waya wa kukwangulia kalibu. Hakuona aibu yoyote. "Dalili zake ni zangu. Kichwa chake ni changu. Yeye hataki kwenda, mimi naenda. Sasa nimwache?"

"Mama Mkubwa, ni dawa hii. Si chumvi."

"Tumegawana mume miaka kumi na tatu. Kidonge ndicho kitushinde?"

Nikachukua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, nikaisoma kwa sauti mpaka pale panapokataza kumpa mtu mwingine dawa hata kama ana dalili zinazofanana na zako. Mama alikuwa mlangoni anasikiliza, ameegemea ufagio.

Mama Mkubwa akasema, "Aliyeandika hiyo hana mke mwenza."

Walicheka wote wawili, na Mungu anisamehe, nami nilicheka. Ndivyo tunavyoishi kwetu. Moto unaombwa, sufuria inaazimwa, mtoto ananyonyeshwa na yeyote aliye karibu. Ukiwa na kitu na mwenzako hana, kukila peke yako mbele yake ni jambo la kuonewa haya. Hakuna aliyetufundisha kwamba kuna kitu kidogo kama kile, cheupe, ambacho ukikikata katikati hakibaki kitu.

Nikasema nitamweleza nesi. Mama akaacha kucheka.

"Ukimweleza atakuja hapa. Akija hapa nitaacha hata hiyo nusu. Naapa."

Naye akiapa nimeshaona anavyoapa. Mama Mkubwa akanishika mkono, viganja vyake vikiwa vigumu kama matofali yake, akaniambia, "Niahidi kwa Mungu utanyamaza." Nikaahidi.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuamka na masikio. Kabla ya kufungua macho nilisikiliza. Sauti ya ufagio ilikuwa ya mama. Sauti ya kalibu ikigongwa kwenye jiwe kung'oa udongo mkavu ilikuwa ya Mama Mkubwa. Nikisikia zote mbili naamka naswali. Siku ikisikika moja nabaki nimelala nimeshika shuka, naogopa kwenda kuona. Kumbe ameenda kuteka maji. Kumbe amechelewa kuamka tu. Niliwaona wakinywa nusu zao pamoja kila asubuhi kwa chai, wakigonganisha vikombe kwa mzaha, nami nikageuka nisitazame.

Jumanne moja nesi alipima akakunja uso. Presha ilikuwa imepanda. "Bibi, unakunywa dawa kila siku?" Mama Mkubwa akasema anakunywa kila siku, na hakudanganya. Nesi akaona kwamba dawa haimtoshi. Akamwongezea, viwili kwa siku.

Alirudi nyumbani anatembea kama bibi harusi. "Sasa kila mtu na chake kizima," akasema. "Waya urudi kwenye tope." Nilijaribu kumweleza kwamba ameongezewa kwa sababu yeye mwenyewe anavihitaji vyote viwili, akaniambia niache elimu nyingi. Na kweli kwa miezi kadhaa walikaa vizuri. Nilidhani Mungu ametusitiri. Nilianza hata kujiona mjinga kwa ile hofu.

Mvua zilipokuja daraja la kijito cha pili likachukuliwa na maji, na gari la dawa halikufika zahanati. Jumanne ile Mama Mkubwa alirudi akiwa amelowa hadi kiunoni. Nesi alikuwa amegawa alichobakiwa nacho. Alimpa vidonge kumi na vinne, akamwambia vya wiki moja, arudi Jumanne itakayofuata, huenda dawa zitakuwa zimefika. Duka la dawa liko mjini, na barabara ya mjini ndiyo hiyohiyo iliyokatika.

Jumanne iliyofuata dawa hazikufika. Ijumaa ya wiki hiyo, siku ya kumi, nikamwona mama anameza kidonge kwa chai yake. Nilisimama na kikombe changu mkononi. Kumi na vinne, watu wawili, kila mmoja kimoja. Vilipaswa kwisha siku ya saba. Nikamtazama Mama Mkubwa. Alikuwa amenyanyua kikombe na kumeza maji, kichwa nyuma, kama mtu anayemeza kitu.

Nilimfuata kijitoni. Alikuwa anakanyaga udongo, ameshika fimbo kwa mkono mmoja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mguu wa kushoto ulikuwa unachelewa kutoka topeni.

"Umeacha kunywa lini?"

"Nimekunywa sasa hivi mbele yako."

"Umekunywa chai. Umeacha lini, Mama Mkubwa?"

Akaendelea kukanyaga. "Tangu nesi aliponipa tu. Vya wiki kwa watu wawili havifiki popote. Vya mtu mmoja vinafika wiki mbili."

"Na wewe?"

"Mimi nina mifupa ya kazi. Yule mwenzangu akikosa siku mbili anageuka rangi." Akasimama akapumua. Jasho lilikuwa limemtoka usoni, na jua lilikuwa bado halijawaka. "Halafu fikiri vizuri, wewe uliyesoma. Akitangulia yeye, wewe ni yatima. Nikitangulia mimi, bado una mama."

"Na wewe ni nani?"

Akainama akatia mkono topeni, akafinyanga donge, akaliangusha chini kulipima. Nikaona mkono ule wa kushoto haukunji vidole vizuri. Nikamwambia ahadi yangu imekwisha, naenda kwa nesi leo. Akasema nesi hana dawa, nikamwambie nini. Na hilo lilikuwa kweli. Nilikwenda hivyohivyo. Nilimkuta nesi amekaa na kabati tupu mbele yake, nikamweleza yote tangu mwanzo, nusu na waya na vidonge viwili. Alisikiliza ameshika kichwa. Akasema gari limeahidiwa Jumatatu jioni kwa kuzungukia barabara ya juu, niwalete wote wawili Jumanne alfajiri, bila kukosa, na Mama Mkubwa asifanye kazi yoyote, alale.

Jumapili baada ya swala ya adhuhuri nilimweleza mama. Nilimwambia kila kidonge alichomeza kwa siku kumi na mbili kilikuwa cha nani. Alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama juu ya ungo. Kisha akanyanyuka, akaenda chumbani kwa Mama Mkubwa, na mimi nikabaki nje nasikiliza.

"Umenilisha uhai wako, Bi Mkubwa."

"Nimekulisha unga mweupe uliogandishwa. Usijitukuze."

"Kesho kutwa tunakwenda wote. Nitaingia mlangoni mbele yako."

"Wewe? Na kiapo?"

"Nitafunga kufidia. Lala."

Nilidhani nikisikia maneno hayo nitafurahi. Nilichopata ni hofu zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa imebaki siku moja tu katikati, na sikujua nani ataivuka. Mama naye vidonge vyake vilikuwa vinakwisha. Asubuhi ya Jumatatu nilisikiliza. Ufagio ulikuwepo. Kalibu haikugongwa, lakini ilikuwa sawa, alikuwa ameambiwa alale. Nilichungulia nikamkuta ameketi kitandani anasugua vidole vya mkono wa kushoto. Akaniambia niwahi kazini nikaombe ruhusa ya kesho. Nikaenda.

Yaliyofuata aliyeyaona ni mama. Saa nne mawingu yalikusanyika. Matofali mia tatu mabichi yalikuwa yamepangwa kijitoni bila kufunikwa, na kwa Mama Mkubwa tofali bichi kunyeshewa lilikuwa jambo lisilowezekana. Mama alikuwa jikoni. Alipotoka akaona kitanda kitupu akakimbia. Alimkuta ameshafunika safu mbili kwa nyasi, amekaa chini kwenye ya tatu, mdomo umeenda upande. Alimwita. Mama Mkubwa akamtazama kwa jicho moja, asiweze kusema. Mama akapiga kelele, fundi baiskeli akaja mbio, wakamwinua ili wampakie. Hakufika kwenye baiskeli. Mvua haikunyesha siku ile.

Nesi alikuja siku ya tatu, kwa miguu, na kipimo chake mkobani. Alikaa mkekani na wanawake mpaka dua zikaisha. Kisha akamwomba mama mkono, na mama akautoa. Aliporudi kazini mama alimfuata nyuma, saa mbili za mwendo, akaingia ule mlango. Sasa ana kadi yake, na kila asubuhi anakunywa kidonge kizima peke yake, akiwa amewapa watu mgongo. Nilimuuliza nesi kama Mama Mkubwa angepona iwapo angekunywa dawa zake siku zile. Akasema hajui, na kwamba hata daktari asingejua. Nimelichukua jibu hilo, naomba nalo. Bado naamka nikisikiliza.

Mama Mkubwa tulimzika siku ileile aliyotutoka, kabla ya magharibi. Aliyemwosha ni bibi mwoshaji wa kijiji, na akataka wanawake wawili wa kumsaidia, nikaingia mimi na mama. Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba, tukamsitiri kwa kanga. Mama alimwaga maji, mimi nilishika taulo. Bibi alianza upande wa kulia kama inavyotakiwa. Tulipofika miguuni ikachukua muda mrefu, maana udongo ulikuwa umeingia kwenye nyufa za nyayo, na mama hakukubali abaki nao. Alisugua kila ufa kwa kidole. Bibi mwoshaji alimwambia imetosha, akasema bado kidogo. Kisha tukamkausha, tukamtia kafuri, tukamvika sanda, vipande vitano. Kabla ya kufunika uso bibi akasema mwenye la kusema aseme. Mama akainama akasema, "Nisamehe, mwenzangu, na mimi nimekusamehe." Nikasema na mimi hivyohivyo. Uso ukafunikwa.

Wanaume wakaja na jeneza. Waliswali uani, sisi tumesimama nyuma yao. Wakamwinua, wakapokezana mabega hadi njia kuu, fundi baiskeli akiwa mbele. Sisi wanawake tulibaki penye ua. Mama alinishika mkono. Tuliwatazama hadi walipopinda kwenye ukuta wa shule, halafu bibi mwoshaji akatuambia tuingie ndani, tukaingia.